Ruta ya laini na Linux: uliza kwanza safari imekwama wapi

Juzi maalim mmoja wa skuli ya huko Konde kanijia kibandani na laptopu kwapani, hata salamu hazijesha, "mwanangu, hii Linux yako uliyonitilia haitaki intaneti, nirudishie Windows yangu." Nikamwambia karibu maalim, kaa kwanza, ruta iko wapi? Ruta kaiwacha nyumbani. Bando lipo? Hajui, mtoto ndo anayeunga. Sasa hapo mimi ntatizama nini, ni kama mtu kakuletea bilauri umwambie kwanini maji hayatoki mferejini.

Hili linanipata mara kwa mara ndo maana nimeona bora niandike mara moja, anayetaka asome. Na nianze kwa kusema kweli, kesi nyingi zinazonifikia hapa Chake Chake, Pemba, Linux haina kosa, imeonewa tu kwa sababu ndo ngeni ndani ya nyumba.

Mimi huwa nafikiri hivi. Kutoka Chake kwenda Unguja unapanda gari mpaka Mkoani, unapanda boti mpaka Malindi, ukishuka unashika njia ya unakokwenda. Vipande vitatu. Ukichelewa, anayekusubiri akikupigia swali la kwanza ni "uko wapi saivi?" Hakwambii kabadilishe viatu. Na intaneti ya ruta ni hivohivo, laptopu mpaka ruta, ruta mpaka mnara, mnara mpaka huko duniani, na katika vipande hivyo ni cha kwanza tu ndo Linux ina mkono wake. Sasa watu wanaanza kubadilisha viatu, wanafuta Mint wanatia Ubuntu (zote mbili ni aina za Linux), wanafuta Ubuntu wanatia Windows, kumbe laini haina hata shilingi.

Kwa hivyo kabla hujagusa setingi yoyote fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, uandike hizi tatu, moja baada ya moja:

ping -c 4 192.168.8.1
ping -c 4 8.8.8.8
ping -c 4 wikipedia.org

Ping ni kubisha hodi tu uone kama utajibiwa. Ya kwanza ni anwani ya ruta yenyewe, ya pili ni anwani ya huko duniani, ya tatu ni jina la tovuti. Huawei nyingi ni hiyo 192.168.8.1, ZTE nyingi ni 192.168.0.1, yako ikiwa nyengine igeuze ruta chini utaikuta kwenye stika pamoja na jina la Wi-Fi na paswedi. Ya kwanza ikikataa, shida iko baina ya laptopu na ruta. Ya kwanza ikikubali na ya pili ikakataa, ushafika Mkoani lakini boti hujapanda, hapo ni laini, bando au mnara. Mbili zikikubali ya tatu ikasema "Temporary failure in name resolution" hiyo ni DNS, yani huduma ya kugeuza majina ya tovuti kuwa anwani, dawa yake dakika moja. Na zote tatu zikikubali lakini brauza ndo inagoma, ruka moja kwa moja mpaka kwenye habari ya saa na kurasa zinazoganda huko chini.

"Nimechomeka modemu, hakuna kinachotokea"

Hii ni ya zile modemu za kuchomeka kwenye USB, mfano wa Huawei E3372. Chomeka, subiri kama nusu dakika, afu andika:

lsusb

Tafuta mstari ambao baada ya neno ID una 12d1 kwa Huawei au 19d2 kwa ZTE, hizo namba ni kama ubini wa kampuni. Usipouona mstari kabisa, usiendelee na programu yoyote, hiyo ni waya au tundu. Jaribu tundu jengine, na kama ni kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma yaliyoganda kwenye bodi yenyewe, ya mbele yanakwenda na kiwaya ndani na mengi yashachoka. Modemu ya 4G ikitafuta mnara inavuta umeme kwa pupa, na USB ya kawaida ya 2.0 imepangiwa miliampia 500, sasa ukiongeza na waya mrefu wa dukani mwembamba kama uzi, haifiki. Tizama na hii:

sudo dmesg | tail -30

Ukiona "device descriptor read/64, error -71" yakhe hapo usihangaike, ni mawasiliano ya umeme mabaya, badilisha waya au tundu. Na kwa sisi tunaokaa karibu na bahari kuna jengine, ule mdomo wa chuma wa modemu unafanya ukungu wa kijani kwa chumvi ya hewa. Mimi huusugua kwa mswaki mkuukuu na spiriti kidogo, naiwacha ikauke, na nishazifufua kadhaa ambazo wenyewe washazitupa kwenye droo.

Ukiuona mstari, usome vizuri. Ukiwa hivi:

ID 12d1:1f01 Huawei Technologies Co., Ltd. E353/E3131 (Mass storage mode)

usishtuke kwamba jina sio la modemu yako, zaidi ya modeli moja zinatumia namba ile. La muhimu ni maneno ya mwisho. Modemu inajifanya ni CD. Ndani yake mna programu ya Windows, kwa hivyo ikichomekwa kwanza inajitoa kama sidii ili Windows iinstoli ile programu, afu ndo inageuka kuwa modemu. Linux haina haja na ile sidii, kwa hivyo lazima awepo mtu wa kuiambia basi, geuka. Mtu huyo ni usb_modeswitch. Ubuntu na Mint kwa kawaida wanae, Debian ya kawaida mara nyingi hana:

sudo apt install usb-modeswitch usb-modeswitch-data

Utanambia sasa ntaidaunlodi vipi na mimi sina intaneti. Chukua simu, ichomeke kwa waya wa USB, washa kugawa intaneti kwa USB kwenye setingi za simu, Linux inaipokea bila kutiwa draiva (programu ya kuendeshea kifaa) yoyote. Ujanja huu uweke kichwani, utaurudia sana. Ukishainstoli chomoa modemu uchomeke tena, na ikibakia na ukaidi isukume kwa mkono:

sudo usb_modeswitch -v 12d1 -p 1f01 -J

Ukiandika lsusb tena utaona 1f01 imekuwa 14db au 14dc. Hapo imegeuka.

"Imegeuka, lakini kwenye menyu sioni pa kutia APN"

Hapa ndo wengi wanapotea, na hata mimi nilipotea, nilikesha usiku mzima wa mwezi wa Ramadhani mpaka daku nikiitafuta ile "Mobile Broadband" kwenye menyu. Haipo na haitakuja. Modemu nyingi za siku hizi ni za aina inayoitwa HiLink, yani wenyewe ni ruta kamili, inapiga laini wenyewe na kwa Linux inajionesha kama waya wa netiweki tu. Andika ip a utaona kitu kama enx0c5b8f279a64 chenye anwani 192.168.8.100. Ndo hicho. Kwenye menyu kitaitwa "Wired". APN, yani jina la mlango wa intaneti wa kampuni ya simu, haitiwi kwenye Linux, inatiwa ndani ya ruta: fungua brauza, andika 192.168.8.1, ingia kwenye setingi, tafuta profaili ya laini.

Tena hilo jina enx0c5b8f279a64 lina kichekesho chake, E3372 nyingi za HiLink zimetoka kiwandani na namba hiyohiyo moja. Yani ukichomeka mbili kwenye kompyuta moja zinagombana kama pacha waliopewa jina moja, na anwani zao nazo ni zilezile. Ukitaka mbili, ya pili iwe ruta ya Wi-Fi yenye anwani nyengine.

Ikiwa yako ni ile ya kizamani ya kupiga yenyewe kutoka kwenye kompyuta, hapo ndo utaikuta kwa amri hii:

mmcli -L

Ikitoka na jina, tizama hali yake kwa mmcli -m 0 (namba ya mwisho itafuata ile uliyoiona). Ikiandika locked laini inataka PIN, mpe kwa mmcli -i 0 --pin=1234 kwa kuweka PIN yako wewe, na usibahatishe maana ukikosea mara tatu inataka PUK. Ikiandika sim-missing chomoa laini uitizame. Ikiwa shwari:

nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name laini apn internet
nmcli connection up laini

Neno internet hapo ni APN na laini kadhaa za hapa zinatumia hilohilo, ikikataa waulize huduma kwa wateja wa laini yako wakutumie kwa SMS, usiokote tu popote.

"Ruta ya Wi-Fi inaonekana kwenye simu, laptopu haiioni"

Hapa nakubali, mara nyengine ni Linux kweli, au tuseme ni kadi ya Wi-Fi ambayo mtengenezaji wake hakutoa draiva ya wazi. Kwanza ondoa la kitoto, andika rfkill list, ukiona "Hard blocked: yes" kuna swichi pembeni ya laptopu au kitufe cha F kimezimwa, na nishaona mtu katoka Micheweni mpaka hapa kwa gari mbili kwa swichi ile.

Kama sio hiyo, tizama jina la kadi yako:

lspci -nnk | grep -A3 -i net

Laptopu za mtumba zinazoingia kwetu nyingi zina Broadcom, mfano BCM43142, na hiyo bila draiva yake haiamki. Kwenye Ubuntu na Mint paketi inaitwa bcmwl-kernel-source, kwenye Debian ni broadcom-sta-dkms, na hapa unarudi kwenye ule ujanja wa simu na waya. Ya pili ni Realtek RTL8723BE iliyomo kwenye HP nyingi, hii inaamka lakini inaona ruta ukiwa umeikalia tu, ukisogea hatua tatu inapotea. Sababu yake ni kwamba ndani ina nafasi mbili za antena, kiwandani wakafunga moja tu, na draiva ikachagua ile isiyofungwa. Iambie ichague nyengine:

echo "options rtl8723be ant_sel=2" | sudo tee /etc/modprobe.d/rtl8723be.conf

Zima uwashe. Isipokuwa nzuri badilisha 2 iwe 1. Kuna jamaa alikuwa anafanya kazi zake kakaa sakafuni chini ya meza ya tv kwa sababu ruta iko hapo, miezi na miezi, mstari huo mmoja ukamrejesha kwenye kiti.

Ya tatu haina uhusiano na draiva. Ruta ikijichagulia chaneli ya 12 au 13 baadhi ya laptopu haziioni kabisa, kwa sababu kadi zao zimepangwa kwa sheria za Marekani na huko chaneli hizo hazitumiki kama huku. Ingia kwenye ruta kwa simu, chaneli usiiwache yenyewe, chagua 1, 6 au 11.

Na kama Wi-Fi inashika lakini inakata kila baada ya muda, hasa ukiwa umenyamaza unasoma, ni kubana umeme. Kwenye faili /etc/NetworkManager/conf.d/default-wifi-powersave-on.conf kuna wifi.powersave = 3, ifanye 2, afu sudo systemctl restart NetworkManager.

"Ruta naifikia, lakini ya pili inakataa"

Hapa Linux ishatoka kwenye kesi. Isipokuwa jambo moja, na nalitanguliza kwa sababu lilinipotezea siku nzima kwenye skuli moja. Kompyuta ilikuwa na Wi-Fi ya ruta, inashika vizuri, na wakati huohuo ina waya wa netiweki ya zamani ya skuli ambao hauna intaneti, umechomekwa tu kwa sababu hakuna aliyeuchomoa. Andika:

ip route

Mistari inayoanza na default ndo njia za kutokea nje, na mwisho wa kila mmoja kuna metric, mwenye namba ndogo ndo anayetangulia. NetworkManager kwa kawaida waya anaupa 100, Wi-Fi 600. Kwa hivyo mashine ile ilikuwa inapeleka kila kitu kwenye waya uliokufa huku Wi-Fi nzima inaitizama. Ukitaka waya ubakie kwa ajili ya printa lakini usiwe njia ya nje:

nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.never-default yes

Jina hilo litizame kwanza kwa nmcli connection, lako laweza kuwa jengine.

Sasa laini yenyewe. Itoe, itie kwenye simu, jaribu intaneti. Usinambie laini nzima, itie kwenye simu. Kama na simu inakataa basi ni bando, au usajili. Tanzania nzima laini zimesajiliwa kwa alama za vidole tokea 2019, na ukipiga *106# kwenye simu unaona laini zilizo chini ya kitambulisho chako, maana kuna waliopewa laini na mtu afu mwenyewe kaifunga. Ruta nayo ina IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, kama simu, iko kwenye stika. Tokea tarehe 16 Juni 2016 vifaa vyenye IMEI bandia vilifungiwa mitandao yetu, kwa hivyo ile ruta ya bei ya kutupa yenye IMEI ya masifuri matupu haishiki mnara hata uipeleke juu ya mnara wenyewe.

Laini ikifanya kazi kwenye simu na sio kwenye ruta, tizama kiadapta. Laini za siku hizi ni vipande vidogo, ruta nyingi zinataka kubwa, watu wanatia kile kiplastiki kitupu, laini inaruka ndani na vile vidole vya shaba vinakamata ukingo na kupinda. Ukivuta kwa nguvu unaving'oa. Mimi naweka kipande cha selotepu upande wa nyuma wa laini ili isiteleze, naingiza taratibu. Na kama ruta imetoka Ulaya na ndugu yako, ukiingia kwenye ukurasa wake inakuomba namba ya siri ya kufungulia, imefungwa kwa laini ya huko, hiyo itafutie namba yake kwanza.

Mnara sasa. Kwenye ukurasa wa ruta tafuta namba inayoitwa RSRP, ndo nguvu ya mawimbi ya mnara yanayokufikia, iko kwenye taarifa za kifaa, ni namba ya hasi. Ikiwa -80 au karibu na hapo uko peponi, -100 utasubiri kidogo, ikishuka kupita -110 hapo unabahatisha. Usidanganyike kwamba tofauti ni ndogo, kila 10 ni mara kumi ya nguvu, kwa hivyo kutoka -110 mpaka -90 ni mara mia. Na sio lazima ununue kitu kuipata hiyo mia. Nilikwenda kwa bi mkubwa mmoja Mji Mkongwe, nyumba ya mawe na chokaa ukuta wake unalalia mkono mzima, ruta kaiweka ndani ya kabati la vyombo, katikati ya nyumba, kaifunika na kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Nikamwambia bi, hii haioni nje. "Kwani inataka kuona nini mwanangu, si intaneti tu?" Tukaihamishia kwenye kizingiti cha dirisha la juu na kitambaa chake tukakiwacha kando, na namba niliyokuwa naisoma kwenye laptopu ikapanda palepale mbele yake. Ile mawe ya matumbawe inakula mawimbi, bati nalo linayarudisha, kioo na mbao ndo vinayapitisha. Zunguka nyumba na ruta mkononi ukisoma namba, kila dirisha subiri kidogo itulie, afu weka pale palipo bora, hata kama bi mkubwa hapapendi.

"Mchana nzuri, usiku haitembei"

Namba ya RSRP ikiwa ileile mchana na usiku, mnara umejaa watu na huna la kuufanya kwenye laptopu. Daunlodi zako zipange baada ya swala ya alfajiri. Umeme ukikatika mtaa mzima na intaneti ikalegea hapohapo, mnara nao huenda uko kwenye betri.

"Majina hayapatikani"

Ile ya "name resolution". Ruta inakosea kujibu majina, basi mpe Linux wa kumuuliza mwengine:

nmcli connection modify "Jina la Wi-Fi" ipv4.dns "1.1.1.1 8.8.8.8" ipv4.ignore-auto-dns yes
nmcli connection up "Jina la Wi-Fi"

Usiandike kwa mkono ndani ya /etc/resolv.conf, utaandika leo kesho imefutwa.

"Kila kitu kinakubali lakini kurasa zinasema sio salama, au zinaganda nusu"

Tizama saa kwanza. Kompyuta ya mtumba ile betri ya duara ya ndani, CR2032, imekufa zamani, ukizima na umeme ukichomoa inarudi miaka mingi nyuma, na brauza ikiona cheti cha tovuti ni cha "siku zijazo" inakataa. Andika date uone. Afu:

sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam
sudo timedatectl set-ntp true

na betri ununue, ni bei ya urojo.

Kurasa kuganda nusu huku ping inakwenda vizuri mara nyengine ni paketi kubwa mno kwa njia iliyopo. Jaribu ping -M do -s 1372 8.8.8.8, ikipita wakati ya -s 1472 haipiti, punguza mpaka 1400:

nmcli connection modify "Jina la Wi-Fi" 802-11-wireless.mtu 1400

Kwa waya au modemu ya HiLink ni 802-3-ethernet.mtu. Katiza na uunganishe tena.

Afu kuna hii ambayo inawatoa watu jasho. Unaandika sudo apt update, inakujibu maneno marefu yenye "NOSPLIT" na mwisho inauliza kama netiweki inataka uthibitisho. Watu wanadhani Ubuntu imeharibika. Hakuna, bando limekwisha! Kampuni ya simu badala ya kukupa ulichoomba inakupa ukurasa wa "nunua kifurushi", apt inaupokea ule ukurasa, inausoma, haielewi, inalalamika. Ndo iliyompata maalim wangu wa Konde, aliporejea kesho yake na ruta yake, nikamuonesha mstari ule kwenye skrini yake mwenyewe. Kacheka mpaka kavua miwani.

"Bando linaisha na sijafanya kitu"

Kwa hili maalim angekuwa na haki ya kuilaumu Linux. Linux ikiona Wi-Fi inadhani ni ya bure, inajiapdeti nyuma ya mgongo wako. Iambie hii ni ya kulipia:

nmcli connection modify "Jina la Wi-Fi" connection.metered yes
sudo snap set system refresh.metered=hold

Ya pili ni kwa Ubuntu tu, inaizuia snap, mfumo wake wa programu unaojiapdeti wenyewe, ndo mlaji mkubwa huko. Ukitaka kumjua anaekula saivi hivi, instoli nethogs, andika sudo nethogs, utamuona kwa jina. Mara nyengine utakuta sio laptopu kabisa, ingia kwenye ukurasa wa ruta uhesabu vifaa vilivyoungwa, afu badilisha paswedi, barza nzima ilikuwa inakula kwako.

"Ndani inafanya kazi, nikiwa nje siwezi kuingia"

Ya kamera na server za nyumbani. Tizama anwani ambayo ruta imepewa na laini, ikianza na 10 au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127 huna anwani yako peke yako, mmechangia moja watu wengi, na kufungua poti kwenye ruta hakutosaidia hata ufungue zote. Itabidi kompyuta ya nyumbani ndo itoke nje yenyewe, kwa WireGuard, programu ya kuchonga njia ya faragha ndani ya intaneti, kwenda kwenye server unayokodi, au kitu kama hicho mfano Tailscale.

Kama umefika hapa na bado, usifute chochote. Andika hii:

(lsusb; ip a; ip route; nmcli device; rfkill list; sudo dmesg | tail -60) > taarifa.txt

Faili hiyo itie kwenye simu au flashi unipelekee, au mpe fundi yoyote aliye karibu nawe ukiwa Wete au Mkoani, atajua pa kuanzia. Na ukija, njoo na ruta, chaja yake na laini iwe ndani, sio laptopu peke yake.